Yesu Aliyetambulika Kitengela: Rangi, Sura na Mungu Asiyechorwa

Mwishoni mwa Julai 2019 simu za Wakenya zilijaa picha za mwanamume Mzungu mwenye nywele za kufika mabegani, ndevu, na kanzu nyeupe, akiwa katikati ya umati. Maelezo yaliyoandamana nazo yalidai kwamba Yesu ameonekana Kitengela. Mtu mwenyewe alikuwa Michael Job, mhubiri na mwigizaji Mmarekani aliyekuwa akiigiza nafasi ya Yesu katika Holy Land Experience, bustani ya maonyesho ya Biblia mjini Orlando, Florida. Alikuwa amealikwa kuhubiri katika mkutano wa injili huko Kiserian, mji mwingine wa Kaunti ya Kajiado. Uvumi uliofuata, kwamba alifukuzwa nchini na wachungaji waliomwalika wakatiwa mbaroni, haukuwa wa kweli, ingawa kufikia hapo ulikwisha kuvuka mipaka ya Kenya.

Wengi walilichukua jambo hilo kuwa kichekesho cha wiki moja. Mimi naliona kuwa jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulipanga. Utani ule ulieleweka papo hapo, wala hapana aliyehitaji kufafanuliwa kwa nini mtu yule ni "Yesu". Hata waliocheka walimtambua kwanza, ndipo wakacheka. Hoja yangu inaanzia hapo. Tumezoea kuijadili picha ya Yesu Mzungu kana kwamba ni kosa la imani, kosa ambalo mafunzo yatalisahihisha. Lakini ni nani leo, aliyepita hata darasa la katekisimu, asiyejua kwamba Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya? Anajua, na bado picha haimtoki. Haikai pale penye mafundisho. Inakaa pale tunapohifadhi sura za jamaa zetu, zile tunazozitambua kwa mbali kabla hatujakumbuka majina.

Sura hiyo ina mwaka wa kuzaliwa. Warner Sallman wa Chicago alichora "Head of Christ" mwaka 1940, na nakala zake zimechapishwa zaidi ya milioni 500. Mwaka 1979 ikaja filamu ya "Jesus", Mwingereza Brian Deacon akiwa mhusika mkuu. Filamu hiyo ilitiwa sauti za lugha nyingi mno, Kiswahili kikiwamo, ikaonyeshwa viwanjani usiku kwa jenereta na kitambaa cheupe. Waliowahi kuitazama wanakumbuka midomo isiyokwenda sambamba na maneno: Yesu anasema Kiswahili sanifu huku kinywa chake kikisema kitu kingine. Sijui mfano bora zaidi wa tafsiri iliyoishia njiani. Lugha ilitafsiriwa, uso ukaachwa ulivyo. Kalenda za ukutani na stika za matatu zilimalizia kazi.

Mtu anaweza kudai kwamba kilichotambulika Kitengela ni vazi tu. Dai hilo halisimami. Waumini wa madhehebu ya Wakorino wamevaa kanzu nyeupe na vilemba nchini Kenya tangu enzi za ukoloni, na hakuna anayewapiga picha akidai kwamba Masihi amerudi. Simeo Ondetto, mwanzilishi wa kanisa la Legio Maria, aliyefariki mwaka 1991, anaaminiwa na wafuasi wake kuwa Masihi aliyewajia Waafrika katika ngozi yao. Nje ya kanisa lake, dai hilo kwa kawaida hupokelewa kama ajabu la kuelezwa na wanaanthropolojia. Eliud Wekesa, ajulikanaye kama Yesu wa Tongaren, alikamatwa na polisi Mei 2023, akahojiwa, kisha akaachiliwa. Kwa haki yake msomaji atanikumbusha kwamba maiti za waumini waliofunga hadi kufa katika msitu wa Shakahola zilikuwa ndiyo kwanza zinafukuliwa, na serikali ilikuwa na sababu ya kuwachunguza wahubiri. Nakubali. Ila hata kabla ya Shakahola, jina la Yesu wa Tongaren lilikuwa mzaha kwa namna tofauti na mzaha wa Kitengela. Mmoja alichekwa kwa sababu hafanani na Yesu hata kidogo; mwingine kwa sababu amefanana naye kupita kiasi. Kipimo kilikuwa kilekile.

Basi tumchore mweusi? Jibu hili lina historia ya heshima katika ukanda wetu. Mwaka 1959 Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, alichora michoro mitano katika kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a, lililojengwa kwa ajili ya Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba, vyote vimo katika milima na migomba ya Kiafrika, na mtoto wa Mariamu ni mtoto mweusi. Nguvu ya kazi hiyo, kwa maoni yangu, haitokani na rangi ya ngozi peke yake. Njau hakuchukua Yesu wa kalenda akampaka kahawia. Aliiumba upya nchi nzima inayomzunguka, na uso ukatoka katika nchi hiyo. Picha nyingi za "Yesu Mwafrika" zinazouzwa leo hufanya kinyume chake: pua ileile, nywele zilezile, mkao uleule, wino tu umeongezwa.

Huko Kajiado jibu hilo linakutana na ugumu wa pekee. Ukimvisha Yesu shuka jekundu na shanga, unamchora katika vazi ambalo tayari limegeuzwa bidhaa. Mmaasai ni mtu aliyechorwa na kupigwa picha na wageni kwa zaidi ya karne moja, kwenye kadi za posta, vipeperushi vya hoteli, hata mikeka ya mezani. Kitengela yenyewe imejaa Wakikuyu, Wakamba, Waluo na Wakisii waliojenga juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai, ikagawanywa vipande na kuuzwa. Mahali kama hapo, Yesu wa shuka anaweza kuwa heshima, na anaweza kuwa pambo la mnunuzi wa kiwanja.

Kuna jambo kubwa zaidi. Wamaasai hawakumchonga wala kumchora Mungu wao, Enkai. Jina lake lina kiambishi cha kike, nalo humaanisha pia mbingu na mvua; ndilo neno lililoingia Kikuyu likawa Ngai, na ndilo linalotumika katika Biblia ya Kimaasai. Katika masimulizi ya kale Enkai husemwa kwa rangi mbili. Enkai Narok, mweusi, ni mpole, mtoa mvua na majani. Enkai Nanyokie, mwekundu, ni mkali, na huhusishwa na ukame. Narok ni neno lilelile la mji na kaunti jirani. Weusi huu wa kimungu ni rangi ya wingu lililobeba maji, wala hauhusiani na ngozi. Kwa hiyo picha ya Sallman ilipotundikwa ukutani Kajiado, haikuondoa picha nyingine nyeusi iliyokuwapo. Ilichukua nafasi ya ukuta mtupu, na ya macho yaliyozoea kutazama juu. Mjadala wa rangi, ukianza na kuishia kwenye uso, unapitwa na hasara hiyo bila kuiona.

Mpinzani makini atajibu kwamba Ukristo hauwezi kurudi kwenye ukuta mtupu. Neno lilifanyika mwili, na kwa hoja hiyohiyo Yohane wa Dameski alitetea picha takatifu katika karne ya 8, Mtaguso wa pili wa Nisea ukazihalalisha mwaka 787. Ni hoja nzito. Lakini mwili unaotetewa ni mwili wa mtu fulani, wa mahali fulani, na hoja hiyo inamhukumu mchoraji wa Chicago kabla ya kumgusa yeyote Murang'a. Tena mwili hauonyeshwi kwa sura peke yake. Padri Vincent Donovan, aliyefanya kazi miongoni mwa Wamaasai wa Loliondo, Tanzania, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 jinsi konzi ya nyasi, ishara ya amani kwa wafugaji, ilivyopitishwa mkono kwa mkono bomani kabla ya misa. Waliopewa injili bila kalenda walichagua kitu cha kushika, si cha kutazama.

Na kama ni lazima kutazama uso, si mbali na mji wa Kitengela, kando ya korongo linalopakana na Mbuga ya Nairobi, ziko karakana za vioo zilizoanzishwa na Nani Croze. Kati ya mbinu za sanaa ya vioo imo ile ya vipande vinene vya kioo vinavyovunjwa kwa nyundo na kushikanishwa kwa saruji. Kwa mbinu hiyo huwezi kuchora kope wala pua nyembamba. Fundi aliyeagizwa dirisha la kanisa hana budi kuchagua kipande kimoja kiwe uso mzima: cha kaharabu, cha kijani, cha zambarau. Asubuhi uso huo utakuwa na rangi moja, jioni nyingine, na wingu la mvua likijitanda kutoka upande wa Ngong, utakuwa mweusi.