KUBA YA MTOWISA: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Tofali la mwisho la kuba ya kanisa lilikuwa limekaa mahali pake. Kilichobaki ni kuondoa mirunda iliyoibeba. Babu aliwatoa watu wote nje, akabaki ndani peke yake na nyundo. ENDELEA...

Nyundo ililia, kabari ya kwanza ikadondoka.

"Karatasi?" babu aliuliza kwa sauti kutoka ndani.

"Nzima, babu!"

Mjukuu wake wa kike alikuwa amechuchumaa nje, kwenye ukuta wa magharibi. Macho yake yalikuwa kwenye ukanda wa karatasi alioubandika jana kwa uji wa sembe, ukikatiza kiungio cha matofali. Ukuta ukisogea hata unywele mmoja, karatasi inachanika.

"Timazi?"

"Imetulia."

Kabari ya pili ikatoka.

Katekista alimsogelea binti. "Hivi kwa nini msingetia nondo, mkamwaga zege, tukalala usingizi? Wazee wametusimulia tetemeko la Desemba 1910. Nchi nzima hii ya Rukwa ilitikisika."

"Pesa ya nondo ingetoka wapi, Mwalimu? Matofali tumechoma wenyewe kwa pumba za mpunga." Akainua uso. "Halafu babu ameshaona kuba isiyo na chuma ikisimama."

Hilo kijiji kizima kilijua. Ujanani babu alibeba chokaa Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulipokuwa ukikarabatiwa. Mchana alilala chali chini ya kuba za mawe ya matumbawe, katika sehemu aliyoiongeza Sultani al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14. Aliporudi Mtowisa hakuwa na hamu ya kujenga kitu kingine.

Lakini kuba ina madai yake. Tofali la juu humsukuma mwenzake, naye wa chini yake, mpaka msukumo unafika ukutani. Hapo hautaki kushuka tu, unataka kutoka nje. Mafundi wa Ulaya walilijua hilo kwa machungu. Walichoka kuona mapaa ya mbao yakiteketea juu ya makanisa yao, wakaanza kuyafunga kwa matao ya mawe. Kule Cluny, Ufaransa, walikokuwa wakijenga kanisa kubwa kuliko yote ya enzi hizo, sehemu ya tao la paa iliporomoka mwaka 1125. Ukiyaona makanisa ya wakati ule, kuta ni nene, madirisha membamba, na nje mihimili imeegemea ukuta kuuzuia usitawanyike.

"Kwa hiyo kinga yetu ni hii," binti alimwambia katekista, akiupiga mhimili wa magharibi kwa kiganja.

Ulitoa sauti ya mtungi mtupu.

Akaupiga tena. Akachomoa mwiko kiunoni, akakwangua lipu. Ilibanduka kipande kizima, na nyuma yake hapakuwa na tofali. Palikuwa na nyasi zilizoshindiliwa na udongo, na udongo wenyewe ulikuwa bado mbichi. Mtu alikuwa ameyatoa matofali usiku, akaziba kwa lipu nyembamba.

Ndani, kabari ya tatu ikadondoka.

"Babu, acha! Usigonge tena!"

"Unasemaje?"

"Mhimili hauna kitu ndani! Toka, babu!"

Kimya. Kisha sauti ya mzee, taratibu kabisa: "Siwezi, mjukuu wangu. Mrunda umeegemea mlango."

Karatasi ilichanika katikati. Mbwa wa kijiji wakaanza kubweka wote kwa pamoja. Binti akaitazama timazi. Hapakuwa na upepo hata kidogo, lakini ilikuwa inayumba.

*Je, babu atatoka? Na ni nani aliyeyatoa matofali ya mhimili? Usikose sehemu ya nne, Jumamosi ijayo.*