Ziara za Wakuu wa Vyuo Vikuu na Kumbukumbu Zilizobaki Kisii

Oktoba 2023 Serikali ya Kenya ilisitisha safari nyingi za nje za maafisa wa umma, na ziara za mafunzo zikatajwa waziwazi miongoni mwa zilizozuiwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya fedha. Ni hoja ya haki, lakini imefunika swali zito zaidi: mkuu wa chuo kikuu anayevuka bahari kwenda kujifunza utawala huondoka na swali gani, na akirudi humjibu nani?

Kisii panafaa kulipimia swali hilo. Chuo kilichoanza mwaka 1965 kwa kufunza walimu wa shule za msingi kilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1994, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, kisha kikapewa hati ya chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Kisii, Februari 2013. Hata miaka mitatu haikuwa imetimia pale Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipoagiza, Januari 2016, kwamba kampasi zake 10 kati ya 13 zifungwe. Fikiria mzazi wa Borabu au Ekerenyo aliyeuza ng'ombe ili alipe karo na chumba cha kupanga karibu na kampasi, kisha akasikia redioni kwamba kampasi yenyewe inafungwa.

Lawama zilitupwa huku na huku. Mimi linalonishughulisha ni njia ambayo uamuzi wa kufungua kampasi ulipitia. Kampasi haichipuki usiku mmoja: pendekezo hupita kwenye kamati, likajadiliwa na seneti, likaidhinishwa na baraza la chuo. Mahali fulani katika njia hiyo palihitajika mtu wa kuuliza wahadhiri watatoka wapi. Wakati huo vyuo vikuu vya umma nchini viliegemea sana karo ya wanafunzi wanaojilipia, na kila mji mpya ulionekana kuwa kisima. Kisima kilikauka upesi. Waliopata alama ya C+ na zaidi, inayohitajika kuingia chuo kikuu, katika mtihani wa KCSE mwaka 2015 walikuwa 165,766. Mwaka 2016, udanganyifu ulipobanwa, walikuwa 88,929, na Serikali ikawapa nafasi vyuoni wote waliofuzu. Chuo kilichokuwa kimekodi majengo mjini kwa matumaini ya wanafunzi wa kujilipia kilibaki na kodi ya nyumba.

Sasa tazama ratiba ya kawaida ya ziara ya mafunzo. Siku ya kwanza ni makaribisho na slaidi zenye mchoro wa madaraka: bodi juu, rais wa chuo chini yake, vitivo vikifuata. Siku ya pili ni maktaba na maabara. Ya tatu ni kutia saini mkataba wa ushirikiano, picha ya pamoja, na zawadi. Ujumbe kutoka Gusii, yaani Kisii na Nyamira, huenda ukatoa kinyago cha mawe laini yanayochongwa huko Tabaka. Wenyeji ni wakarimu na hawadanganyi. Ila ni nadra mwenyeji kumfungulia mgeni kumbukumbu za kikao ambamo bajeti ilikataliwa, na utawala wa chuo umo humo hasa.

Chukua Chuo Kikuu cha Amsterdam. Mgeni ataambiwa kwamba wanafunzi na wafanyakazi wana baraza lenye haki ya kuidhinisha mwelekeo mkuu wa bajeti. Ni kweli, na haki hiyo iliingia sheriani mwaka 2015. Mwaka huohuo wanafunzi waliliteka jengo la utawala, Maagdenhuis, kwa wiki kadhaa, na mkuu wa bodi, Louise Gunning, akajiuzulu. Jengo hilohilo lilikuwa limetekwa mwaka 1969, na sheria ya kuwashirikisha wanafunzi ikafuata mwaka 1970. Mgeni akirudi Kenya na mchoro mtupu, atakutana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliyoondoa uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wa wanafunzi na kuwaachia wajumbe kazi ya kuwachagua, na baraza la chuo ambalo wajumbe wake huteuliwa na Waziri wa Elimu. Mchoro wa Waholanzi hauna pa kukaa hapo. Historia yao ingemfaa zaidi, maana inaonyesha kinachotokea pale wanaoumizwa na uamuzi wanaponyimwa nafasi ya kuuliza mapema.

Sisemi watu wasisafiri. Kuanzia mwaka 2006 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilishirikiana na DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, na jumuiya ya wakuu wa vyuo vikuu vya Ujerumani kujenga mfumo wa kudhibiti ubora. Waratibu walifundishwa, kisha wakarudi na kazi mkononi: kusimamia tathmini ya ndani ya programu za vyuo vyao, ambayo baadaye ilikaguliwa na wenzao wa vyuo vingine. Walikuwa watu wa kazi ya kila siku, na walijua kwamba mkaguzi anakuja.

Hilo ndilo ninalotaka kwa Gusii. Ujumbe uondoke na swali lililoandikwa na seneti, uwe na msajili na kiongozi wa wanafunzi ndani yake, na ripoti isomwe mbele ya seneti hiyohiyo kabla muhula haujaisha. Nyamira nako wakazi na viongozi wao wamekuwa wakidai chuo kikuu huko Kiabonyoru. Siku baraza lake la kwanza litakapoteuliwa, wajumbe wapande matatu hadi Kisii, waombe kumbukumbu za vikao vilivyoidhinisha kampasi za kabla ya mwaka 2016, na waketi na waliokuwa wakizitunza kumbukumbu hizo. Tiketi za ndege zikatwe baadaye, ikiwa litabaki swali ambalo Kisii haikuweza kulijibu.