Asili ya Majibizano ya Kuingilia katika Programu za Modemu

Miongoni mwa istilahi za mawasiliano ya kompyuta ambazo hazijapata makao katika Kiswahili, imo ile ya maandishi yanayoiwezesha programu ya modemu kumwingiza mtumiaji katika kompyuta ya mbali bila yeye mwenyewe kugusa kibodi. Wako waandikao "skripti", na wako waandikao "hati" au "mwongozo". Kabla ya kuchagua, yafaa tuangalie kwanza kitu chenyewe kilivyoanza.

Modemu hugeuza tarakimu kuwa sauti ziwezazo kupita katika waya wa simu, na upande wa pili huzirudisha kuwa tarakimu. Bell 103, iliyotolewa na AT&T mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Mwaka 1979, toleo la 7 la mfumo wa Unix lilitoka Bell Labs likiwa na UUCP, mkusanyo wa programu za kompyuta kupigiana simu, ambao mwanzilishi wake ni Mike Lesk. Katika faili lililoitwa L.sys kila kompyuta ya mbali ilipewa mstari wake: jina, saa zinazoruhusiwa kupiga, kasi, namba ya simu, kisha yakafuata maneno mawili mawili, moja la kungojewa na moja la kutumwa.

Hapo pana jambo la kumpendeza mwanaisimu. Baadhi ya kompyuta zilimwomba mgeni jina kwa kuandika "Login:", nyingine "login:". Kwa hiyo mafundi waliiacha herufi ya kwanza, wakaiagiza programu ingoje "ogin:" tu. Na ombi la neno la siri likangojewa kwa "ssword:". Vipande hivi, visivyo maneno kamili hata katika lugha vilikotoka, vilifanya kazi kwa miaka mingi. Kilichongojewa kisipofika, programu iliweza kutuma mstari mtupu ikangoja tena. Neno la siri lenyewe liliandikwa wazi humo, ndiyo maana faili hilo lilipaswa kufungwa lisisomwe na kila mtu.

Hayes Smartmodem ya mwaka 1981 ilileta amri zianzazo na herufi AT, na mwenye kompyuta ndogo nyumbani naye akaweza kuiachia programu ipige simu. Procomm Plus ikawa na lugha yake nzima ya kuandikia maagizo hayo, iitwayo ASPECT. Hata hivyo, usumbufu ulikuwa katika kuhariri. Kituo kikibadili ombi lake kwa neno moja tu, programu ilikaa ikingoja lisilokuja, na huku gharama ya simu inapanda. CompuServe, kwa mfano, ilitoza kwa saa.

Sasa turudi kwenye istilahi. "Mwongozo" humpeleka msomaji kwenye kitabu cha maelezo. "Hati" ni karatasi ya ofisi, tena yenye sahihi. "Skripti" siikatai, lakini haisemi lolote juu ya kazi ya kitu. Watumiaji wa UUCP wenyewe walikuja kuyaita maandishi haya kwa neno lenye maana ya mazungumzo, na hapo Kiswahili kina neno bora zaidi: majibizano. Upande mmoja husema, wa pili hujibu, kama washairi wanaojibizana. Kwa neno lingojewalo napendekeza "kingojewa". La pili lisiitwe "kitumwa", maana litavuta fikira za utumwa, "jibu" latosha.