Taarifa ya Kazi kutoka Chini kwenda Juu: Barua ya Jacob Wainwright (1873) na Funzo lake kwa Mantapala

1.0 Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa mwanzoni mwa 2018 katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, Zambia, ili kuwapokea Wakongomani waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi wao huzungumza Kiswahili au Kibemba, ilhali lugha rasmi ya Zambia ni Kiingereza. Kijana anayeanza kazi katika mazingira hayo huusikia ukweli wa kazi katika lugha moja, kisha hutakiwa kuufikisha kwa msimamizi katika lugha nyingine. Makala haya yanaonesha kwamba mzigo huo si mgeni katika nchi ya Luapula, na kwamba historia yake ina funzo kwa watunga sera.

2.0 Barua ya 1873

David Livingstone, aliyefika Ziwa Mweru Novemba 1867, alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Watumishi wake waliukausha mwili, wakavuka Mto Luapula na kuelekea Unyanyembe, karibu na Tabora. Njiani walisikia kwamba kuna msafara wa Waingereza huko, wakaamini kuwa unaongozwa na mtoto wa marehemu. Viongozi wa safari walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Kalamu ilishikwa na kijana Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India, na aliyejiunga na Livingstone mwaka mmoja tu kabla.

Barua yake ya Kiingereza ilikuwa ya mistari michache. Ilitaja kifo na kueleza kuwa mwili unabebwa. Ilitaja askari kumi waliopotea. Ilieleza njaa na kuomba nguo za kununulia chakula. Kisha ikauliza kama msafara uingie kwa kupiga bunduki, na kama ndiyo, baruti iletwe. Chuma alitangulia nayo, akamfikia Verney Lovett Cameron Oktoba 20, 1873.

Mpangilio huo unastahili kuzingatiwa. Habari mbaya haikufichwa, hasara ilitajwa kwa idadi, ombi liliambatana na sababu yake, na uamuzi uliotakiwa kwa mkubwa ulitajwa wazi. Zaidi ya hayo, taarifa ilitumwa wakati ambapo jibu lingeweza bado kufaa. Ndiyo maana, ingawa mpokeaji hakuwa yule aliyekusudiwa, barua ilijitosheleza.

3.0 Aliyeandika na Aliyejua

Cameron alipendekeza mwili uzikwe hukohuko Unyanyembe. Watumishi walikataa, wakaendelea hadi pwani. Kwao, kutoa taarifa hakukuwa na maana ya kuacha kutumia akili yao juu ya kazi waliyoifahamu.

Hata hivyo, heshima haikugawanywa kwa kadiri ya ujuzi. Wainwright ndiye aliyeusindikiza mwili hadi Uingereza na kuhudhuria maziko katika Westminster Abbey, Aprili 18, 1874. Susi na Chuma waliwasili baada ya maziko. Lakini Horace Waller alipohariri shajara za mwisho za Livingstone, alilazimika kutegemea masimulizi yao ya mdomo kuhusu siku za mwisho na safari ya kurudi. Taarifa ya maandishi ilitangulia. Maelezo kamili yalikuja baadaye, kutoka kwa wasioandika.

4.0 Mantapala na Suala la Njeo

Katika Mantapala hatari iko hata ndani ya Kiswahili chenyewe. Katika Kiswahili cha Katanga, kitenzi “kuisha” hutumika kama kitenzi kisaidizi cha kuonesha tendo lililokamilika. Fundi akisema “tunaisha kuchimba”, anamaanisha kuwa wamekwisha kuchimba. Kijana aliyezoea Kiswahili sanifu anaweza kuelewa kuwa kazi inakaribia kuisha, akaandika kwa Kiingereza kuwa kisima bado kinachimbwa. Msimamizi atakayepanga hatua inayofuata kwa kutegemea sentensi hiyo atachelewesha maji ambayo tayari yamefikiwa. Hakuna aliyesema uongo, lakini taarifa ni ya uongo.

5.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mtumishi mpya afundishwe kuandika taarifa yenye sehemu nne: kilichotokea, hasara au kikwazo, mahitaji na sababu zake, na uamuzi unaosubiriwa. Pili, kabla ya taarifa kupelekwa juu, isomwe kwa Kiswahili mbele ya waliofanya kazi, wathibitishe hasa kilichokamilika na kisichokamilika. Tatu, msimamizi atenge nafasi ya kuwasikiliza kwa mdomo wale wasioandika Kiingereza, mapema, na si baada ya maamuzi kupita. Susi na Chuma walisikilizwa maziko yakiwa yamekwisha. Wakazi wa Mantapala hawapaswi kusubiri kiasi hicho.