Lutindi: Wodi ya Mlimani Iliyotangulia Dawa

Mwanafunzi wa uuguzi anayepangiwa zamu yake ya kwanza kwa wagonjwa wa akili hubeba vitu viwili: daftari na woga. Daftari kapewa chuoni. Woga katoka nao nyumbani, alikokulia akiona watoto wakimrushia mawe mtu aliyevaa matambara huku wakubwa wakicheka pembeni. Ndiyo maana siku ya kwanza wodini wengi husimama wameegemea ukuta, jicho moja kwa mgonjwa, jingine mlangoni.

Woga huo Korogwe, mkoani Tanga, wanaufahamu tangu zamani. Juu ya mji, kwenye milima ya Usambara, ipo Hospitali ya Lutindi, ambayo ilikuwa ikiuguza wagonjwa wa akili kabla ya hospitali ya Mirembe ya Dodoma na kabla ya ile ya Mathari ya Nairobi. Historia yake ni historia ya uuguzi wenyewe, kwa sababu kwa nusu karne ya mwanzo pale hapakuwa na kidonge cha kutibu wazimu. Palikuwa na muuguzi tu.

Lutindi haikujengwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1896, chama cha Kiprotestanti cha Ujerumani kilichoitwa Evangelischer Afrika-Verein kilifungua pale makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Misafara ya watumwa kutoka bara ilikuwa imezoea kufuata bonde la mto Pangani kuelekea pwani, na hata biashara ile ilipopigwa marufuku walibaki watoto wasiojua kwao ni wapi wala nani wa kuwapokea. Aliyewalea ni shemasi Bokermann pamoja na mkewe, waliotoka Bethel, mji wa wagonjwa ulioko Bielefeld.

Bethel ndiyo iliyoamua mambo yatakavyokwenda. Ilianzishwa mwaka 1867 kuwatunza watu wenye kifafa, na chini ya mchungaji Friedrich von Bodelschwingh ikakua hadi kuwa na mashamba, karakana na nyumba ambamo wagonjwa na wauguzi waliishi pamoja. Mashemasi wake hawakuwa madaktari. Walifunzwa kuogesha, kulisha, kukesha na mwenye degedege, na kumpa mgonjwa jembe badala ya kumfungia ndani. Watoto wa Lutindi walipokuwa wakubwa na kuondoka, mahali palikuwapo na watu wenye ujuzi huo walikuwapo. Kuanzia mwaka 1904 makao yale yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Reli kutoka Tanga ilikuwa imeshafika Korogwe mwaka 1902, kwa hiyo mgonjwa wa pwani aliweza kuletwa kwa treni hadi chini ya mlima, kisha akapandishwa.

Tusiipake sukari habari hii. Serikali ya kikoloni haikuwa na huruma ya ghafla kwa Mwafrika aliyerukwa na akili. Ilitaka utulivu mijini na mashambani, na kabla ya hapo ilikuwa ikiwaweka watu wa aina hiyo gerezani. Aliyefikishwa Lutindi ni yule aliyepiga kelele sokoni au kuchoma nyumba. Mama aliyejikunyata kibandani miezi mitatu, hali wala hasemi, hakumsumbua mkuu wa wilaya, na hakuna aliyempandisha mlima. Pengo hilo lipo hata leo: anayenyamaza huchelewa kuonwa kuliko anayefoka.

Hata hivyo, kule juu kulizaliwa namna ya kuuguza ambayo haikufa. Asubuhi wagonjwa waliamka wakaenda bustanini, kwa mifugo au kwenye karakana, na muuguzi akaenda nao. Hakuwa msimamizi wa kibarua. Akilima sambamba na mgonjwa aligundua mambo ambayo kitandani hayaonekani: huyu jana alimaliza tuta zima, leo kasimama anazungumza na jembe, yule mwaka mzima hakusema neno, leo kaomba maji. Mpaka sasa kazi za mikono na mashamba, ikiwamo chai, ni sehemu ya matibabu ya Lutindi, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga mambo. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni ya jirani, utawala wa Kijerumani ukaondoka. Waingereza walijenga hospitali yao Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, ndiyo Mirembe tunayoijua. Kwa miongo mingi uzito wa huduma ukahamia huko. Mgonjwa wa Handeni aliyeshindikana alisafirishwa mamia ya kilomita mbali na ndugu zake, na jina la hospitali likageuka tusi: mtu akikosea hesabu dukani, anaambiwa apelekwe Mirembe. Hata hivyo ni Dodoma hiyohiyo, kwenye chuo cha Mirembe, walikosomea wauguzi wengi wa akili ambao baadaye walisambazwa mikoani.

Miaka ya 1950 ikaja dawa. Klopromazini, iliyoanza kutumika Ufaransa, ilimtuliza mgonjwa bila kumlaza usingizi wa siku nzima, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kumrudisha nyumbani aliyedhaniwa wa kufia hospitalini. Baada ya Uhuru, Tanzania ilijaribu kuoanisha dawa na jembe: vikaanzishwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, Hombolo karibu na Dodoma kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Lugha ilikuwa ya Ujamaa, ila shemasi wa Bethel angeitambua kazi yenyewe. Kisha, kuanzia mwaka 1980, mpango wa taifa wa afya ya akili, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulijaribiwa Morogoro na Kilimanjaro. Shabaha yake ilikuwa kuitoa huduma hospitali kuu na kuifikisha zahanati.

Na zahanati ina nani? Muuguzi na mganga wa zahanati. Madaktari bingwa wa akili nchini, kwa miaka mingi, hawajafika hata mmoja kwa kila watu milioni. Kwa hiyo mwanafunzi wa Korogwe anayeegemea ukuta leo huenda mwakani akawa yeye pekee, kwa vijiji kadhaa vya Handeni, anayejua tofauti ya huzuni na ugonjwa wa sonona, au ya kifafa na pepo.

Neno pepo si la kupita nalo haraka. Handeni inasifika nchi nzima kwa uganga. Wapo wanaosafiri siku mbili kuja kutibiwa huko. Familia nyingi huanzia kilingeni, hospitali huja baadaye. Mkufunzi mzuri humfundisha mwanafunzi kuuliza, "Mlianzia wapi?" kwa sauti ileile anayoulizia homa ilianza lini. Akikunja uso tu, ndugu watamficha yote: mizizi aliyonyweshwa mgonjwa, siku alizofunga kula, kamba aliyofungwa mikononi. Hayo yote ni sehemu ya historia ya ugonjwa.

Lipo pia somo ambalo kitabu hulitaja kwa mistari michache, na wodi hulifundisha kwa usiku mmoja. Mgonjwa kachomwa sindano ya haloperidoli, katulia. Baada ya saa chache shingo inapinda upande, macho yanapanda juu, ulimi unakuwa mzito. Ndugu wanapiga ukelele: pepo limerudi, na safari hii na hasira! Muuguzi aliyefunzwa anajua kwamba ni dawa iliyokaza misuli. Anampa dawa ya kuilegeza, ile ambayo wengi wodini wanaiita Artane, kisha anakaa na ndugu na kuwaeleza taratibu kilichotokea. Asiyejua ataongeza sindano nyingine, au atashuhudia mgonjwa akibebwa kurudishwa kilingeni, na kadi yake haitaonekana tena kliniki.

Sheria nayo imebadilika. Ile ya kikoloni iliyozungumzia magonjwa ya akili iliachia nafasi Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Lakini sheria haiingii wodini saa nane usiku. Anayeingia ni muuguzi, na mafunzo yake ya kwanza ni madogo kiasi cha kuchekesha. Ondoa mkasi mfukoni. Vua kamba ya kitambulisho shingoni. Usimjie mtu kwa nyuma. Simama pembeni kidogo, usimzibie mlango. Mwite kwa jina lake. Na kama ni mzee, mwamkie.

Hili la mwisho huwashangaza wanafunzi. Mtu anazungumza na ukuta, nguo kazivaa kinyume, halafu uinamishe kichwa useme shikamoo? Ndiyo. Na mara nyingi, katikati ya maneno yasiyoshikana, hutoka jibu lililo sawasawa: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Hapo ndipo mwanafunzi anapoachana na ukuta. Kaona kwamba ugonjwa umechukua mengi, lakini mzee bado yumo. Lutindi ya kabla ya dawa ilijengwa juu ya ugunduzi wa namna hiyo.

Kilichobaki ni kuushusha ugunduzi huo kutoka mlimani. Katika zahanati ya Handeni kazi hiyo ina sura ya kawaida sana: kisanduku cha kadi, na siku ya sindano ya mwezi. Jioni muuguzi anazihesabu kadi. Kumi na mbili zimepigwa alama, moja, ya mzee mmoja, bado. Anafunga dirisha la dawa, anavua koti jeupe, kisha anamwita kijana wa bodaboda na kumuuliza kama anaijua njia ya kwa yule mzee.