Kabla ya Kundi la WhatsApp Kulikuwa na Kikundi cha Redio

Mjadala wa mitandao ya kijamii shuleni huendeshwa nchini kana kwamba jambo lenyewe lilizaliwa pamoja na simu janja. Wapo wanaotaka kila darasa liwe na kundi la WhatsApp, na wapo wanaotaka mwanafunzi asiiguse simu hadi amalize kidato cha sita. Wote wana hoja. Ninachoshangaa ni kwamba wote wanazungumza kama wageni katika historia ya nchi yao.

Tuchukue mfano wa Nyarugusu. Sisemi kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Nasema Nyarugusu ya Geita, ya maduara na makarasha. Huko mzazi anaweza kuwa na simu janja, lakini simu hiyo hushinda naye machimboni. Machi 17, 2020, Serikali ilipotangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, walimu wengi nchini walituma nukuu na majaribio kwa WhatsApp, huku redio na televisheni zikirusha vipindi vya masomo. Shule za msingi na sekondari kwa ujumla zilifunguliwa tena Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu, mtoto ambaye simu ya baba yake ilikuwa duarani alikuwa nje ya darasa, na hakuna daftari la mahudhurio lililomwandika mtoro. Katika ukanda wa dhahabu, mtoto aliye nje ya darasa haendi mbali kutafuta kazi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya, baadhi yao wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Sasa turudi nyuma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971, taifa likiadhimisha miaka 10 ya Uhuru, ikaja kampeni ya Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mtandao mkubwa zaidi wa kujifunza uliowahi kuundwa katika nchi hii. Takriban watu milioni 2 walishiriki kwa muda wa majuma 12. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na mgodi wake mkubwa wa kikoloni ulikuwa umekwisha kufungwa tangu 1966.

Utaratibu wake unastahili kuelezwa, kwa sababu siri yake ilikuwa humo. Kikundi kilikutana mahali pamoja kusikiliza kipindi cha Radio Tanzania. Redio moja iliwatosha wote. Kipindi kilipokwisha, somo lilisomwa kutoka katika kitabu, na aliyejua kusoma alimsomea asiyejua. Kisha wakajadili: je, malaria ipo hapa kwetu? Maji yanayotuama yako wapi? Mwisho wakaamua la kutenda, yaani kuchimba choo, kufyeka nyasi au kuchemsha maji. Aliyeongoza haya yote alikuwa kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo mapema, na viongozi wa namna hiyo walifika makumi ya maelfu.

Siipambi enzi hiyo. Redio ilisema, kijiji kikasikiliza. Kikundi hakikuwa na njia rahisi ya kuijibu Dar es Salaam. Isitoshe, miaka hiyohiyo watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa, wengine kwa nguvu. Hapa WhatsApp ina faida ya kweli, kwani mwanafunzi anaweza kuuliza papo hapo. Lakini tazameni makundi mengi ya shule yalivyo: msimamizi peke yake ndiye anayeruhusiwa kuandika. Tumepewa chombo cha kujibizana, tukakigeuza kuwa ubao wa matangazo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila mwanafunzi lazima awe na chombo chake. Wabunifu wa 1973 hawakungoja kila kaya inunue redio. Walihesabu vikundi. Afisa elimu anayehesabu simu atakuta Nyarugusu haina za kutosha, atafunga jalada. Akihesabu vikundi vya watoto sita au saba wanaokaa jirani, simu moja ya shule yenye bando, saa moja iliyopangwa jioni na mwalimu wa zamu, hesabu yake itakuwa tofauti. Katazo la wanafunzi kumiliki simu shuleni halizuii mpango huo, maana simu inabaki mikononi mwa mwalimu.

Anayedhani kwamba njia hiyo inafaa watu wazima na vyoo tu, awakumbuke walimu wa UPE. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilihitaji walimu haraka kuliko vyuo vilivyoweza kuwatoa. Vijana waliomaliza darasa la saba walisomea ualimu wakiwa vijijini mwao, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na vikao vya pamoja na wakufunzi, huku tayari wakifundisha. Waliofuzu walizidi 35,000. Sifa zao bado zinabishaniwa hadi leo katika semina zetu, mara nyingi na watu waliofundishwa nao kusoma.