Mtandao Uliozaliwa Ndani ya Kompyuta Moja

Aghalabu hudhaniwa kwamba kijana wa Takawiri, kisiwa kidogo cha wavuvi kilichomo baina ya Mbita na Mfangano katika Ziwa Viktoria, hawezi kuwa na nafasi katika fani ya kutengeneza tovuti maadamu intaneti yake si ya kutegemewa. Lakini dhana hiyo yakanushwa na tarehe ya mtandao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1990, Tim Berners-Lee alipokuwa akiuanzisha katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, seva ya kwanza na kivinjari cha kwanza vilikaa pamoja katika kompyuta moja ya NeXT, ile ikihudumu na hiki kikipokea, pasipo haja ya intaneti kati yao.

Kwetu Kenya, jina la kikoa la .ke lilipokabidhiwa nchi mwaka 1993, miongoni mwa walioishika dhamana hiyo alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, aliyeingia Bungeni baadaye kwa kiti cha Rangwe, katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay ambamo Takawiri imo. Habari hii, kwa rai yangu, yastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa visiwa vile.

Zana zenyewe za kutengenezea tovuti zilizaliwa kwa mfululizo: mwaka 1995 zilitokea programu ya seva ya Apache, lugha ya PHP ya Rasmus Lerdorf, na MySQL ya kuhifadhia data. Kuziunganisha kulikuwa taabu kubwa kwa asiye mjuzi, hata mwaka 2002 kundi la Apache Friends la Ujerumani likaanza kuzifunga pamoja katika XAMPP, ambayo hugawiwa bila malipo. Mwanafunzi huwasha Apache, huweka faili zake katika folda ya htdocs, kisha huandika localhost katika kivinjari. Ombi lake huenda kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yake mwenyewe, wala halitoki nje hata hatua moja. Ikiwa programu nyingine imekwisha kuukalia mlango nambari 80, Apache hukataa kuwaka, na mwanafunzi huweza kuihamishia mlango nambari 8080. Na kuhangaika huko ndiko anakojifunzia jinsi seva inavyofanya kazi, elimu ambayo mteja wa saiba, yaani duka la intaneti, aliyekuwa akilipia kila dakika, hakupewa fursa ya kuipata.

Gharama hizo zilikuwa na sababu, kwani Kenya ilitegemea setilaiti mpaka mwaka 2009, waya wa TEAMS ulipofika Mombasa mwezi wa Juni na SEACOM ikaanza kazi Julai. Hata leo, mwenye kompyuta ya mkononi na umeme wa jua, akiisha kuletewa XAMPP kwa flashi kutoka Mbita, aweza kuandika na kukosea mchana kutwa pasipo kuulizwa na mtu, akanunua bando ndogo siku ile tu anapoipeleka kazi yake kwenye seva ya mbali.